Wingu Lililopita Juu ya Farasi

Wengi mmenipigia simu, na Mama Baraka amefika mpaka mlangoni kwangu. Swali ni hilo hilo: kama tulikwenda wawili, mbona kwenye ile video anaonekana Spes peke yake? Nimechoka kujibu nusunusu, huyu nikamwambia hiki na yule kile, halafu mkikutana mnaunganisha mnavyopenda. Basi someni hapa. Nitaeleza kila kitu kwa kufuata barabara ilivyokwenda.

Kwa asiyenijua vizuri, mimi natengeneza meno ya bandia kwa ajili ya riziki, na nafuata radi kwa mapenzi. Kila kiangazi, kabla sijanywa chai, nafungua ramani za hewa kwenye simu. Natazama joto, unyevu, upepo wa chini na upepo wa juu, kisha nawaandikia wenzangu wa kundi la wapenda radi mtandaoni wapi nadhani mawingu yatanyanyuka na saa ngapi. Mume wangu, Baba Nadra, alishaacha kunishangaa. Neno lake ni moja tu: "Watu wanaikimbia radi, wewe unaipelekea salamu."

Spes ndiye Spesioza, Mrundi wa mtaa wa Rågsved, anayehudumia wazee majumbani kwao. Mimi ndiye niliyemwingiza kwenye mambo haya, kwa sababu ana gari na mimi sina leseni. Nilimfundisha kusoma rada, akasahau. Nikamfundisha aina za mawingu, akayapa majina yake mwenyewe. Kiangazi kilichopita nilikwenda peke yangu mpaka Nynäshamn kungoja radi baharini, nikarudi nimeloa bila kuona hata mmweko mmoja. Jioni ile ile Spes alitoka barazani kwake kuanua nguo, akanyanyua simu, akapiga picha ya radi ikishuka nyuma ya maghorofa ya Rågsved. Ikachapishwa gazetini, na uso wake kando. Nilimpongeza, nikamletea na keki. Usiku nilikaa jikoni nikiitazama picha ile mpaka simu ikazimika.

Tensta kwenda Rågsved

Asubuhi ya Jumamosi ile ramani zote zilisema neno moja, jambo ambalo hutokea kwa nadra. Hewa ya joto iliyojaa unyevu ilikuwa inasukumwa kutoka upande wa Baltiki. Juu yake kulikuwa na upepo mkali wa kusini-magharibi, na chini upepo ulitoka mashariki. Pepo zikipishana namna hiyo, wingu la radi halinyanyuki tu, likamwaga maji na kufa. Linaanza kujizungusha, zima zima, kama chungu kwenye mkono wa mfinyanzi. Linaishi saa nyingi na linabeba mvua ya mawe. Hapa Uswidi wingu la aina hiyo ni adimu, na kwa miaka yote niliyokimbia barabarani sikuwahi kusimama mbele ya hata moja.

Nadra aliamka akanikuta navaa viatu. "Åska igen, mamma?" akauliza. Radi tena, mama? Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba ndiyo, radi tena, na wali uko kwenye friji.

Nilipanda treni ya bluu hapa Tensta, nikabadili kwenda ya kijani, nikafika Rågsved nikitegemea kumkuta Spes kwenye maegesho na injini inanguruma. Gari lilikuwepo. Yeye alikuwa ghorofa ya pili kwa jirani yake mzee, anamtafutia paka chini ya kitanda.

"Niko nakuja, Mama Nadra," akaniita kupitia dirishani. "Huyu mama hawezi kuinama."

Nikakaa kwenye ngazi na simu yangu, nikatazama joto likipanda huko kusini, Småland. Paka alipopatikana, yule bibi akashuka mpaka chini kutuaga, akampa Spes mfuko wa biskuti za mdalasini. Mimi alinipa mkono.

Rågsved kwenda Mjölby

Mpango ulikuwa kushuka na barabara kuu kupita Norrköping na Linköping, kisha kungoja pale Mjölby mpaka nione mawingu yanaanzia upande gani. Njiani Spes aliimba, alisimulia habari za wazee wake, alinilisha mayai ya kuchemsha na chapati, na kila baada ya muda aliuliza, "Sasa mawingu yanasema nini?" Nilimweleza. Alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayesikiliza mahubiri kwa lugha asiyoijua.

Karibu na Linköping tulisimama kwenye kibanda cha soseji. Nilimwuliza mama mwuzaji kwa Kiswidi changu cha shuleni, kilichonyooka kila herufi, kama soseji zake zina nyama ya nguruwe. Hakunisikia, au alinisikia akaendelea kupanga mikate. Spes akanisogeza pembeni, akaninyooshea kidole, akamwambia yule mama kwa sauti: "Hon inte gris."

Alitaka kusema kwamba mimi sili nguruwe. Alichosema ni kwamba mimi si nguruwe.

Mwuzaji akaweka koleo chini. Akacheka mpaka akafuta macho kwa aproni, na Spes, alipogundua, akacheka zaidi yake. Watu wote wa foleni wakacheka. Tukapewa samaki wa kukaanga na viazi vya kuponda, bure, na yule mama akatoka nyuma ya kibanda kumkumbatia Spes na kumwuliza tunakwenda wapi.

"Tunafuata radi," Spes akasema. "Unafikiri itakuwa wapi?"

Yule mama akaelekeza kusini. "Huko Eksjö. Mguu wangu unaniuma upande wa Eksjö."

Spes alinigeukia kana kwamba tumeshapata jibu. Nilikula samaki wangu. Nina miaka mingi katika nchi hii, nimesoma hapa, nimefanya kazi hapa, na ninajua kila kiambishi cha lugha yao. Hakuna mwuzaji aliyewahi kuzunguka kibanda chake kuja kunikumbatia. Mnaponiambia wivu wangu ulianza kwenye wingu, mnakosea. Ulianza kwenye soseji.

Mjölby kwenda kwenye farasi

Saa za mchana rada ilianza kuchemka. Ng'ambo ya ziwa Vättern, upande wa magharibi, wingu moja lilinyanyuka peke yake, safi, halijaguswa na jingine, na doa lake jekundu likawa linakua kila picha mpya ilipofika. Kusini kwetu, maeneo ya Eksjö, palikuwa na kikundi cha mawingu madogo yanayosukumana. Nilijua hesabu yake: mawingu yaliyobanana hunyang'anyana hewa ya joto, lililo peke yake hula peke yake. Lilikuwa limebaki swali la ziwa. Maji ya Vättern mwanzoni mwa kiangazi ni ya baridi kali, na hewa ya baridi ni sumu kwa wingu la radi. Lakini niliona upepo wa juu una nguvu za kutosha kulivusha. Uamuzi ulikuwa wangu, na niliufanya kwa kichwa kilichotulia.

"Twende ziwani," nikamwambia Spes. "Sasa hivi."

Tulikuwa tumeshaipita Mjölby na kushuka mpaka kusini kidogo mwa Tranås, kwenye barabara nyembamba yenye misitu, kwa hiyo ilibidi tugeuze. Spes akatafuta mahali pa kugeuzia, na hapo ndipo tulipomwona mwanamke amesimama barabarani akipunga mikono miwili.

Nyuma yake palikuwa na tela la farasi limeinama upande mmoja, tairi limepasuka. Farasi mwenyewe, mkubwa, wa rangi ya kahawia, alikuwa ameshatolewa nje, na mwanamke alikuwa amejizungushia kamba yake kiunoni. Aliitwa Gunnel. Kijana wake alikuwa njiani na tela jingine, lakini Gunnel hakuweza kungoja na kufungua tairi wakati huohuo amemshika farasi, na farasi alikuwa ameanza kunusa hewa na kurusha kichwa.

Spes alizima gari.

"Dada," nikasema, "wingu halimngoji mtu."

"Na farasi?"

"Kijana wake anakuja."

"Bon, akija tutaondoka." Alikuwa ameshashuka, anavua kandambili na kuvaa viatu vya kazini.

Nilibaki ndani ya gari nikitazama rada. Lile wingu la magharibi lilikuwa limeanza kupinda kulia na kuachana na mkondo wa mengine. Ndiyo dalili. Wingu likianza kwenda njia yake, linajizungusha. Na nje kulikuwa na Spes, amemshika farasi wa watu, anamwimbia kwa Kirundi.

Gari lenye vipimo vya upepo juu ya paa likatokea kwenye kona, likapunguza mwendo. Niliwatambua kabla hawajasimama. Per na Lotta, mume na mke, wazoefu wa kundi letu, watu ambao picha zao nimezisoma kama vitabu. Per akashusha kioo, akauliza kama kuna aliyeumia. Nikasema hapana, ni tairi. Nikasema mimi pia nafuata radi. Nikauliza kama wanakwenda ziwani.

"Ziwani," Per akasema. "Nafasi ipo."

Nikamwangalia Spes. Sikumwuliza kwa maneno.

"Enda, Mama Nadra," akasema. "Wewe umelingoja sana. Mimi nitakufuata tukimaliza." Kisha akaniambia nichukue bakuli la chapati zilizobaki, kwa sababu hao wazungu labda hawana chakula.

Nilichukua bakuli. Nilipanda. Na ukweli ni kwamba nilifurahi. Nilifurahi kwamba safari hii yeye angeona farasi, na mimi ningeona wingu.

Kwenye kilima juu ya ziwa

Tulikuwa hatujafika mbali Lotta alipogeuka. "Yule aliyeshika farasi si Spes? Yule wa picha ya Rågsved?"

Nikasema ndiye.

"Nilijua," akamwambia mumewe. "Picha ile ina nguo kwenye kamba, unakumbuka? Zile nguo ndizo zinazoipa uhai." Wakaongea juu ya nguo za Spes mpaka tukaingia barabara kuu. Mwisho Lotta akaniuliza na mimi naandika kwa jina gani kundini. Nilipomwambia, akafikiri kidogo. "Ah. Wewe ndiye wa ule utabiri mrefu. Huwa tunausoma." Aliusema kwa upole, kama unavyomwambia mtu kwamba mtoto wake ana tabia nzuri.

Nikawagawia chapati. Walizipenda sana, wakauliza nani kazipika. Nikawaambia ni Spes.

Tuliegesha kwenye kilima karibu na Gränna, mahali unapoona ziwa lote chini yako. Ng'ambo ya maji wingu lilikuwa limesimama. Sina namna nyingine ya kulisema. Msingi wake ulikuwa mweusi, umenyooka, juu limefura jeupe, na radi ilikuwa inapita ndani yake bila kuacha. Per akafunga kamera kwenye miguu yake mitatu. Mimi sikuwa na haja ya kamera. Nilisimama na mikono mitupu, upepo wa mashariki ukininyonya shati kuelekea kwake, kwa maana wingu lilikuwa linavuta hewa mpaka pale tulipokuwa.

Kisha likagusa ziwa.

Mabadiliko hayakuwa ya ghafla. Upepo uliokuwa unanivuta ulipungua, ukasita, ukageuka. Hewa ikawa ya baridi, yenye harufu ya maji. Msingi wa wingu uliokuwa umenyooka ukaanza kuchanika na kuning'inia vipande vipande. Radi zikatafuta nafasi, zikapotea. Kabla halijafika nusu ya ziwa, lilikuwa mvua ya kijivu tu, mvua ya kawaida ya kuloweshea bustani.

"Ziwa," Per akasema, akaanza kufungua kamera.

Nililijua ziwa lile. Nilikuwa nimelipima asubuhi na kulipima tena mchana, na nikalipa uzito mdogo.

Lotta ndiye aliyegeuka nyuma. "Per," akasema taratibu. "Tazama kusini-mashariki."

Juu ya misitu tuliyotoka, mnara mweupe ulikuwa umesimama mpaka mwisho wa anga, unawaka kwa jua la alasiri, na kilele chake kimetandaa kama fuawe la mhunzi. Tuliliona wingu hilo kwa nyuma, kutoka mbali, upande usioonyesha lolote linaloendelea chini. Nikafungua rada. Kile kikundi cha Eksjö kilikuwa kimemezwa na wingu lake moja, na hilo moja lilikuwa na doa jekundu lenye mkia uliopinda kama kulabu. Kulabu ndiyo alama. Kulabu ndiyo kitu ambacho nimekuwa nikikitafuta tangu Nadra hajazaliwa. Nikatafuta barabara, nikatafuta kona, nikatafuta pale tulipoacha tela. Kulabu ilikuwa juu ya Spes.

Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa wivu. Woga ulikuja baada yake, na sitaki kubadili mpangilio huo ili nionekane vizuri. Nilijua kuna nini ndani ya wingu lile: mawe ya barafu yanayopasua vioo, upepo unaong'oa miti. Na chini yake alikuwa mtu niliyemwacha barabarani na farasi asiye wake.

Barabara yenye mti

Nilipiga simu tukiwa tunakimbia kurudi. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mara ya tatu haikuita kabisa. Kisha ukaingia ujumbe wa sauti aliokuwa ametuma mapema. Nikauweka sikioni na kusikia upepo tu, na mbali ndani ya upepo mwanamke anasema jambo ambalo sikulipata.

Per aliendesha vizuri, lakini trekta ilitutangulia kwa muda mrefu, na kilipobaki kipande kidogo tukakuta mti wa msonobari umelala kukata barabara yote. Majani mabichi yalikuwa yametapakaa kwenye lami kama mboga iliyokatwa. Kando yake mawe ya barafu, mengine makubwa kama ndimu, yalikuwa yanayeyuka na kutoa mvuke.

Lotta akaokota moja, akalipiga picha kwenye kiganja chake. Nilitaka kumkemea. Kisha nikaona na mimi nimelishika moja, na nilikuwa nalichunguza kuona matabaka yake.

Watu wa zimamoto walifika na msumeno. Nikamwuliza mmoja wao kama wamesikia habari za mwanamke na farasi. "Mweusi au mweupe?" akauliza. Nikasema mweusi. Akasema hajui, alikuwa anauliza kuhusu farasi.

Simu ikaita mkononi mwangu.

"Mama Nadra, niko mzima," Spes akasema. "Farasi mzima. Gunnel mzima. Gari ndiyo haina kioo cha nyuma. Wewe umeliona wingu lako?"

Nilikaa chini kwenye mti ule ule.

"Hapana," nikasema. "Lilikufa ziwani."

Akasema, "Pole sana, dada," na alimaanisha.

Tranås kwenda nyumbani

Per na Lotta walinishusha kituo cha treni Tranås, na Spes akaja kunichukua hapo kwa njia nyingine. Mahali pa kioo cha nyuma palikuwa na mfuko mweusi wa takataka uliobandikwa kwa utepe wa gundi, na boneti ilikuwa imebonyeabonyea kama sufuria ya shuleni. Kwenye kiti changu kulikuwa na chombo cha stroberi, zile jordgubbar nyekundu, alizopewa na Gunnel. Niliziweka mapajani.

Aliniambia ilivyokuwa. Kijana wa Gunnel hakutokea. Anga ilipoanza kuwa ya kijani walimwongoza farasi mpaka kwenye banda la nyasi kavu lililokuwa shambani. Mawe yalianguka wakiwa chini ya paa lake, kwa kishindo kikubwa hata hawakusikiana. Kisha yakakoma mara moja, na farasi akachanganyikiwa zaidi kwa ule ukimya. Spes akamtoa nje ya banda ili asijigonge, akamkumbatia shingo. Simu yake alikuwa amempa Gunnel amshikie, na Gunnel, aliyekuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyerekodi ile video mnayotumiana.

"Kwa hiyo uliliona," nikasema. Mfuko wa takataka ulikuwa unapiga kelele nyuma yetu. "Lilipita juu yako kabisa."

"Niliona shingo ya farasi."

Nilimtazama.

"Niko nakuambia kweli. Nilifumba macho, nikaweka uso wangu kwake, nikasali. Nilipofumbua limeshapita. Video nimeitazama mara nyingi pale kwa Gunnel, lakini mimi ninaona moshi tu." Alipunguza mwendo, akaingia kwenye maegesho ya kituo cha mafuta karibu na Nyköping, akazima gari, akanipa simu. "Wewe unajua kusoma. Nisomee nilichokiona."

Niliishika simu bila kuiwasha. Kwa muda nilifikiri kumwambia nimechoka. Aliyepewa kitu amefumba macho, na aliyekililia ndiye aelezee. Nililiona si haki, na bado naona si haki.

Nikaiwasha.

Nikamwonyesha ardhi nyeupe kwa barafu, na mgongo wake, na farasi. "Tazama juu ya miti," nikasema. "Hapa wingu limeshuka chini kuliko msingi wake. Hiyo ndiyo sehemu inayovuta hewa. Sasa tazama hicho kipande kushoto, usikiache. Kinakwenda kulia. Kinapita nyuma. Umeona kinarudi? Halitembei tu, linazunguka." Nikaisimamisha, nikarudisha nyuma, nikaweka kidole. "Na hapa, juu kidogo ya kichwa chako, kuna kitu chembamba kinateremka. Kinafikia nusu ya njia. Kinakata shauri. Kinarudi ndani."

Spes alikuwa ameinama mpaka nywele zake zinagusa mkono wangu. Kwenye video sauti yake ilikuwa inasali kwa Kirundi, neno lile lile.

"Juu ya kichwa changu?"

"Juu ya kichwa chako."

"Rudia."

Nikarudia. Safari hii alikifuata kile kipande mwenyewe kwa ukucha, kulia, nyuma, kikarudi. Tuliitazama mpaka jordgubbar zikaisha, na watu walikuja, wakajaza mafuta, wakaondoka. Hatimaye akajiegemeza kwenye kiti, akaweka mikono yote miwili kifuani.

"Sasa nimeliona," akasema.

Akawasha gari. Mimi bado sijaliona.